Kanyosha: Kwa nini chumba peke yake hakimtoi kijana barabarani

Barabara ya taifa namba 3, inayotoka Bujumbura kuelekea Rumonge, inapita Kanyosha ikiwa na Ziwa Tanganyika upande mmoja na vilima upande wa pili. Mchana ni barabara ya malori, ya mafuta ya mawese na samaki, ya abiria na wachuuzi. Maduka yanapofungwa, vibaraza vya barabara ya namna hii huwa malazi.

Hapo hulala watoto wanaojulikana nchini Burundi kwa jina la mayibobo. Kando yao hulala kundi lisilotajwa sana, nalo ni vijana wa miaka 18, 20 au 23, ambao umri wa kuitwa watoto umekwisha kuwapita. Kituo cha kulea watoto hakiwezi tena kuwapokea, na hakuna mwenye nyumba anayewajua kiasi cha kuwapangisha chumba.

Mashirika ya hisani nchini Burundi yamefanya kazi na watoto na vijana wa barabarani kwa zaidi ya miaka 30. Ni hatua zipi hasa humtoa kijana kibarazani, zikamwingiza chumbani na kumfanya abaki humo? Na kwa nini wengi walioondolewa barabarani hurudi?

Nani anahesabiwa kuwa hana makazi?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unamhesabu mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwaka 2006, unamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35.

Kati ya mikataba hii miwili pana ufa. Kijana anapotimiza miaka 18, ulinzi aliokuwa akiupata kama mtoto hukoma, ilhali hali yake haijabadilika hata kidogo. Jana alikuwa mtoto wa kuhurumiwa. Leo, akiwa amelala pale pale, anaitwa mzururaji na kushukiwa kuwa mwizi.

Si kila asiye na makazi analala nje. Wapo wanaoshinda barabarani na kurudi usiku kwa ndugu asiyewataka. Wapo wanaolala kwa zamu katika chumba cha rafiki, au katika jengo ambalo halijamalizika, kwa hisani ya mlinzi. Hawa ni vigumu kuwahesabu, lakini wanakaribia kibaraza kila wiki.

Kwa nini Kanyosha?

Kanyosha iko kusini mwa Bujumbura. Mwaka 2014, jiji lilipogawanywa upya katika komini tatu, iliwekwa katika komini ya Muha pamoja na Musaga na Kinindo. Kinindo ni mtaa wa nyumba kubwa. Kanyosha, hasa sehemu zilizo mbali na lami, ni mahali ambapo mtu wa kipato kidogo bado anaweza kutafuta chumba kimoja cha kupanga.

Pia ni mlango wa jiji. Anayeshuka kutoka vilima vya mkoa uliokuwa ukiitwa Bujumbura Rural, au anayekuja na gari kutoka Kabezi na Rumonge, anapita hapa kabla ya kuona katikati ya jiji. Palipo na malori pana mizigo, na palipo na mizigo pana kazi ya siku isiyohitaji cheti wala kitambulisho. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, biashara nyingi zilitawanyika katika masoko ya mitaa, na vijana wanaoishi kwa kubeba mizigo wakaifuata biashara ilikokwenda.

Sababu zinazowatoa nyumbani ni nyingi. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliacha yatima wengi, na Ukimwi ukaongeza wengine. Waliokuwa watoto wakati huo sasa ni watu wazima, na baadhi yao wana watoto waliozaliwa barabarani. Siku hizi husikika zaidi habari za shamba lililogawanywa hadi halitoshi kulisha familia, kifo cha mzazi, ndoa mpya isiyomtaka mtoto wa ndoa ya kwanza, au njaa tu.

Mvua nayo imo. Mto Rusizi ulipofurika na kuizamisha Gatumba mwezi Aprili 2020, maelfu ya watu walipoteza makazi. Huko kusini, mto Kanyosha na vijito vinavyoshuka vilimani hukata kingo zake wakati wa mvua kubwa, na nyumba zilizojengwa karibu huanguka. Familia inayohama bila kitu haiwezi daima kuhama na watoto wote.

Hatua ya kwanza: kumfuata aliko

Mtu asiyeifahamu kazi hii hudhani kwamba huanza kwa kufungua kituo na kungoja vijana waje. Vijana hawaji. Aliyeishi nje miaka mitano amejifunza kwamba mtu mzima anayemkaribia usiku anakuja kumfukuza, kumkamata au kumtumia vibaya. Ndiyo maana kazi huanza kwa watu wawili au watatu wanaotembea usiku, njia ile ile na siku zile zile za wiki, bila gari na bila sare.

Katika majuma ya kwanza hawatoi ahadi yoyote. Wanasalimia, wanauliza jina, wanatibu kidonda, wanamsindikiza mgonjwa kwenye zahanati. Wanajifunza nani analala na nani, nani ni mkubwa wa kundi, na nani anavuta gundi ili asisikie njaa na baridi. Wengine humwomba mkubwa wa kundi ruhusa ya kuketi, kwa kuwa wanafahamu kwamba kundi hilo ndilo familia ambayo kijana anayo kwa sasa.

Hapa Kiswahili kina kazi yake. Kirundi ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi, lakini katika masoko, maegesho na bandari za Bujumbura Kiswahili ndicho kinachosikika, na ndicho kinachomuunganisha kijana wa Buyenzi na yule aliyevuka mpaka kutoka Uvira. Anayemwendea kijana kwa Kifaransa cha ofisini huonekana mtu wa serikali kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

Kazi hii ni ya polepole, na wafadhili wengi hawaipendi. Miezi mitatu ya kusalimiana haipigiki picha. Hata hivyo ndiyo msingi wa yote yanayofuata, kwa sababu siku kijana atakapokubali kuingia ndani ya nyumba, atakuwa anamfuata mtu anayemwamini. Nyumba yenyewe bado haijui.

Hatua ya pili: nyumbani, panapowezekana

Wahenga wa pwani husema mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Mashirika mengi huanza na wazo hilo: kabla ya kumtafutia kijana makazi mapya, wanauliza kama ya zamani bado yapo.

Kwa mtoto wa miaka 10 au 12, kurudi katika familia ndilo lengo la kwanza. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala ya watoto unasema hivyo waziwazi: umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake. Mfanyakazi wa shirika hufunga safari hadi kilimani, humtafuta mama, shangazi au babu, na mara nyingi huwahusisha bashingantahe, wazee wanaoheshimiwa kwa kusuluhisha magomvi. Kisa kilichomtoa mtoto huwa kinazungumzwa mbele yao kabla hajarudi.

Mtoto asirudi mikono mitupu. Palipo na njaa, kumrudisha bila chochote ni kuongeza kinywa mezani. Kwa hiyo shirika linaweza kuisaidia familia kupata mbuzi, mbegu, sare ya shule au mtaji mdogo, kisha likarudi kuwatembelea kwa miezi kadhaa.

Lakini si kila mtu ana ngama ya kurejea. Kijana wa miaka 20 aliyeondoka akiwa na miaka tisa anaweza kukuta shamba limeuzwa na ndugu hawamtambui. Kumlazimisha arudi ni kumpangia safari ya pili ya kuja Bujumbura. Kwa huyo hatua ya tatu haikwepeki.

Hatua ya tatu: chumba

Njia zinazotumika Afrika Mashariki kuwapa vijana makazi ni tatu kwa jumla.

Ya kwanza ni kituo cha muda, ambako kijana hulala kwa majuma au miezi michache, anatibiwa, anaacha gundi na kuanza kujifunza kazi. Ya pili ni nyumba ya pamoja: vijana wanne hadi wanane katika nyumba ya kawaida mtaani, pamoja na mlezi mmoja, wakipika na kufagia kwa zamu. Ya tatu ni chumba cha kupanga, ambacho kijana anakaa peke yake au na mwenzake mmoja, huku shirika likisaidia kodi kwa muda.

Njia ya tatu ndiyo inayofaa zaidi kwa waliopita miaka 18, na ndiyo ngumu kuliko zote. Mfikirie kijana wa miaka 19 anayebeba mizigo Kanyosha. Siku njema anapata chakula na akiba kidogo. Siku mbaya hapati kitu. Mwenye nyumba anataka kodi kabla ya kutoa ufunguo. Kijana analipwa kwa siku, kodi inadaiwa kwa mwezi, na barabarani hakuna mahali pa kuficha fedha kwa siku 30 bila kuibiwa. Hata kama jumla ya kipato chake cha mwezi ingeweza kulipa chumba, hatafika mwisho wa mwezi akiwa nayo.

Hapo ndipo msaada wa kodi unapoingia, na hupangwa ili ukome. Kwa mfano, shirika hulipa kodi yote kwa miezi mitatu ya kwanza, nusu kwa mitatu inayofuata, robo kwa mitatu ya mwisho, kisha linaacha. Wakati huo kijana anajifunza ufundi kama useremala, kuchomelea au ushonaji, na anaweka akiba kila siku katika kikundi cha kuweka na kukopa au katika simu. Kodi ikiisha kulipwa na shirika bila kijana kuwa na kazi, chumba kitakuwa kimemhifadhi miezi tisa tu.

Jambo la pili ni upweke. Vijana wengi walioingia chumbani hurudi kulala kibarazani usiku wa kwanza au wiki ya kwanza. Wanaowafuata wanajua kwamba huko si kukosa shukrani. Aliyelala miaka mingi akiwa amebanwa na wenzake wanane hawezi kuzoea ukimya wa kuta nne kwa siku moja. Ndiyo sababu mashirika yenye uzoefu huwapangia wawili wawili, au huwapa vyumba vya jirani, na humtembelea kijana mara nyingi zaidi baada ya kupata chumba kuliko kabla.

Jina katika daftari

Katika mitaa ya Bujumbura kila nyumba inatakiwa kuwa na daftari la kaya, ambamo majina ya wanaolala humo huandikwa na wakuu wa mtaa huweza kulikagua. Polisi wakifanya msako, jina lisiloonekana daftarini ni shida. Ili jina liandikwe, kitambulisho kinahitajika, nacho hupatikana kwa ushahidi wa mahali mtu alikozaliwa.

Kijana wa barabarani mara nyingi hana hata kimoja. Kuzaliwa kwake huenda hakukuandikishwa, na waliomfahamu wamekufa au wametawanyika. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu, kwa hiyo hana akiba ya simu. Hawezi kuandikwa daftarini, kwa hiyo mwenye nyumba anaogopa kumpokea.

Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya kazi ya makazi hufanyika mbali na makazi. Ni safari za komini ya asili, kutafuta mashahidi, kungoja saini. Mfanyakazi wa shirika pia huenda na kijana kwa mkuu wa mtaa na kwa mjumbe wa nyumba kumi, akamtambulisha kwa jina lake kamili. Siku jina hilo linapoandikwa, kijana anakuwa mkazi. Likitokea jambo usiku, yuko anayeweza kusema: huyu ni wetu, analala hapa.

Yaliyojaribiwa

Burundi ina historia yake katika jambo hili. Mwezi Oktoba 1993, Marguerite Barankitse aliwaokoa watoto wakati wa mauaji ya Ruyigi na kuanzisha Maison Shalom. Alikataa wazo la bweni kubwa la yatima, akajenga nyumba ndogo ambamo ndugu waliishi pamoja kama familia, wakiwa na jirani na shamba. Mgogoro wa kisiasa wa mwaka 2015 ulisababisha shughuli hizo kukoma nchini, na akaendelea na kazi miongoni mwa wakimbizi nchini Rwanda. Mwaka 2016 alitunukiwa tuzo ya kwanza ya Aurora.

Mjini Bujumbura, Fondation Stamm, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Verena Stamm, ilifungua vituo vya watoto wenye shida, kikiwemo Uranderera kwa wavulana waliotoka barabarani. Dieudonné Nahimana, aliyegombea urais kama mgombea binafsi mwaka 2020, alijulikana kwanza kwa shirika lake la New Generation, linalofanya kazi na watoto wa barabarani.

Nairobi ilianza mapema zaidi. Mwaka 1973 padri Mholanzi Arnold Grol alianzisha Undugu Society kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakilinda magari katikati ya jiji. Baadaye shirika hilo lilijenga kazi yake juu ya vikundi vya vijana wenyewe, kwa kutambua kwamba kundi la barabarani tayari lina uongozi, sheria na mshikamano. Mwanza nchini Tanzania, shirika la Railway Children nalo lilitumia vikundi vya namna hiyo kwa vijana waliokwisha kuwa wakubwa mno kurudishwa nyumbani: wanajifunza pamoja, wanaweka akiba pamoja, na wanahamia vyumbani wakiwa bado wanajuana.

Mbali zaidi, Finland ilianza mwaka 2008 mpango wa kitaifa wa kumpa asiye na makazi nyumba kwanza, bila kumtaka aache ulevi au apate kazi kabla, kisha kumzungushia msaada. Idadi ya waliokosa makazi kwa muda mrefu ilipungua sana. Mpango huo unategemea nyumba za umma na fedha za serikali, ambazo Kanyosha haina. Funzo lake kwa Kanyosha ni dogo lakini kubwa kwa uzito: mtu hujirekebisha kwa urahisi zaidi akiwa na mlango wa kufunga.

Kwa nini kuwaondoa barabarani hakutoshi?

Mamlaka za Burundi zimefanya mara kadhaa operesheni za kuwaondoa watoto na ombaomba barabarani, ikiwemo mwaka 2022, na kuwarudisha katika maeneo ya asili. Hoja ya serikali ni kwamba barabara si mahali pa kumlea mtoto na kwamba kila familia inapaswa kuwajibika. Hoja hiyo haina ubishi.

Tatizo liko katika kasi. Lori hufanya kwa siku moja safari ambayo mpatanishi huifanya kwa miezi. Sababu iliyomtoa mtoto nyumbani ikiwa bado ipo, barabara ya kurudi Bujumbura nayo bado ipo. Mwaka 2017, Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilitoa Maoni ya Jumla namba 21, yanayozitaka nchi ziache misako ya kuwakamata watoto wa barabarani na badala yake ziwasikilize katika kupanga msaada unaowahusu.

Msako una hasara nyingine isiyoonekana. Unavunja makundi na kuwasukuma vijana mahali pa giza zaidi, na wale waliokuwa wakiwatembelea kila usiku hulazimika kuanza upya, wakitafutwa nao kama washukiwa.

Wasichana hawaonekani

Vibarazani huonekana wavulana wengi, na wasichana wachache. Wapo, ila wamefichwa. Wengi walikuja mjini kufanya kazi za nyumbani wakiwa wadogo. Akifukuzwa, au akipata ujauzito, msichana hupokewa na mtu anayemdai malipo ya mwili kwa kila usiku. Anayemtafuta kwa kutembea barabarani usiku hatamkuta. Hupatikana kupitia wauguzi wa vituo vya afya, wanawake wa sokoni na majirani waliomsikia akilia. Chumba chake kinahitaji jambo la ziada, nalo ni mahali pa kumwacha mtoto anapokwenda kazini.

Sehemu ya jirani

Kwa mkazi wa Kanyosha, au mtaa mwingine wowote, msaada hauanzi na fedha. Fundi seremala anaweza kumpokea mwanafunzi mmoja. Mwenye nyumba anaweza kukubali kodi ya kila wiki badala ya kila mwezi, jambo ambalo kwa anayelipwa kwa siku hutofautisha kukaa na kufukuzwa. Mjumbe wa nyumba kumi anaweza kumwita kijana kwa jina mbele ya wengine. Mwenye duka anayemkuta kijana kibarazani alfajiri anaweza kumwamsha kwa salamu badala ya maji ya baridi.

Kijana wa miaka 19 aliyetajwa hapo juu anahitaji chumba, na bila chumba maneno yote haya ni bure. Lakini ufunguo utakaa mfukoni mwake ikiwa kuna aliyemfuata kabla ya kumpa ufunguo huo, na ikiwa asubuhi, akifungua mlango, kuna jirani anayejua anaitwa nani.